Namna ya kutumia nadharia unaposanifu menyu ya simu: kutoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi mwalo wa Kibirizi umeshachangamka. Mitumbwi iliyokesha ziwani na taa zake inaingia mmoja mmoja, kina mama wamejifunga kanga kiunoni, mabeseni yako mchangani. Kila mtu ana haraka, kwa sababu dagaa mbichi hawasubiri: wasipotandazwa kwenye chanja mapema wanaharibika, na bei inaanguka nao. Hapo ndipo ofisini kwangu. Nimezaliwa Ujiji, nikasomea kompyuta Dar es Salaam, nikarudi nyumbani, na kwa miaka mitatu sasa nasanifu menyu ya simu ambayo kikundi cha kina mama waanika dagaa hutumia kuweka kumbukumbu za manunuzi na madeni. Wengi wao wana kiswaswadu, hivyo menyu yetu ni ile ya kupiga nyota na reli.

Vijana wanaosomea kompyuta huja kuniuliza: hizi nadharia za mwingiliano wa binadamu na kompyuta zina kazi gani, ikiwa mwisho wa yote lazima uende ukajaribu na watu wenyewe? Ni swali la haki. Nawajibu hivi: jaribio linakuonyesha kwamba mama amekwama. Halikuambii kwa nini. Usipokuwa na nadharia utabadilisha maneno leo, kesho utahamisha vitufe, kesho kutwa utarudisha ulichokitoa, na kila jaribio unamfanyia mtu ambaye mtaji wake wote uko ndani ya mabeseni sita. Mimi naona ni wajibu kufika kwake ukiwa umeshafikiri.

Nitaeleza ninavyofanya, kwa kazi hii moja.

Andika swali kwa maneno ya mwaloni

Usianze kwa kuchagua nadharia. Anza na jambo uliloliona kwa macho yako, uliandike kama ambavyo mtu wa pale angelisema. Swali langu la kwanza liliandikwa hivi: "Mbona wanaandika kwenye daftari asubuhi, halafu mchana ndipo wanaingiza kwenye simu?" Menyu ilitengenezwa itumike palepale mtumbwi unaposhusha, wao wakaitumia wakiwa wamekaa chini ya mwembe saa nane.

Swali kama hilo lina milango mitatu. Huenda menyu ni ndefu, mikono haina muda. Huenda haieleweki. Au huenda inaeleweka na ni fupi, lakini haiendani na namna kazi inavyofanyika kati ya watu. Kila mlango una nadharia zake, na ukiingilia mlango usio wako utapoteza miezi. Chini ya kila swali andika pia utabiri: nadharia hii ikiwa kweli, nitegemee kuona nini? Utabiri uandikwe kabla ya jaribio. Ukiandikwa baada ya jaribio, utajikuta umeandika kile ulichokwisha kukiona.

Hesabu sekunde, kisha uliza nani anasubiri

Mlango wa kwanza ni wa muda. Mwaka 1980 watafiti Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell walitoa njia ya kukadiria muda wa kazi kwa kuhesabu vitendo vidogovidogo, na mwaka 1983 wakaiingiza kwenye kitabu chao kikubwa kuhusu saikolojia ya mwingiliano huu. Kila kitendo kina muda wake: kujiandaa akilini kabla ya hatua ni sekunde 1.35. Kubonyeza kitufe ni sekunde 0.2 kwa mpiga chapa stadi wa kawaida, na hufika 1.2 kwa mtu asiyezoea kabisa vitufe. Unajumlisha, basi.

Chukua karatasi uandike skrini zako zote. Menyu yangu ya kwanza ilikuwa na skrini saba: chagua kazi, chagua mtumbwi, aina ya samaki, idadi ya mabeseni, bei ya beseni, umelipa au ni deni, thibitisha. Kila skrini ni kufikiri mara moja, kubonyeza namba, kubonyeza kutuma. Nilichukua kiwango cha mtu asiyezoea: 1.35 + 1.2 + 1.2 ni sekunde 3.75. Mara saba, 26.25. Bei ya tarakimu tano inaongeza mibonyezo minne, sekunde 4.8. Mtandao nao: nilisimama mwaloni na saa ya simu nikapima, ukachukua kama sekunde 4 kuleta kila skrini, mara saba ni 28. Jumla ni karibu dakika nzima, bila kuhesabu kupiga ile namba yenyewe, na bila kosa hata moja, maana njia hii inamchukulia mtu anayejua anachofanya na asiyekosea. Hiyo dakika ni kiwango cha chini kabisa.

Nikatoa skrini ya aina ya samaki, kwa kuwa karibu kila mara ni dagaa. Ya kuchagua kazi nikaifuta pia, menyu ikafungukia kwenye manunuzi moja kwa moja, na madeni yakapewa namba yake. Skrini tano, sekunde 44 hivi. Nilitabiri kwamba wataanza kuitumia asubuhi. Hawakuanza.

Hapo ndipo hadithi moja kutoka Marekani iliponisaidia kuliko kitu kingine chochote nilichosoma. Wayne Gray, Bonnie John na Michael Atwood waliieleza mwaka 1993. Kampuni ya simu ya NYNEX ilitaka kuwanunulia waendesha simu wake, wale wanaowaunganishia wateja simu, meza mpya za kazi zilizotarajiwa kuokoa muda. Watafiti wakafanya hesabu ya namna hii, ila walichora pia vitendo vinavyokwenda sambamba: mteja anazungumza, mwendesha simu anasikiliza huku anabonyeza, mashine inajibu. Hesabu ikatabiri kwamba meza mpya zitakuwa polepole zaidi ya za zamani, kwa karibu asilimia 3. Majaribio kwenye kazi halisi yakathibitisha. Sababu ilikuwa mpangilio. Mibonyezo iliyoondolewa ni ile ambayo zamani ilifanyika wakati mteja bado anaongea, ambayo haikumgharimu mtu yeyote. Mmoja ukahamishiwa mahali ambapo kila kitu kingine kimeshakwisha na simu nzima inausubiri.

Nilipoielewa hiyo nilirudi Kibirizi na karatasi yenye mistari mitatu iliyolala: mmoja wa mvuvi, mmoja wa mikono ya mama, mmoja wa simu. Nikakaa kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa, nikachora nilichokiona. Mtumbwi ukifika, bei inaafikiwa kwanza, kwa maneno, kabla hata dagaa mmoja hajahama. Kisha mvuvi anamimina. Kumimina kunachukua muda, na katika muda huo mama mnunuzi amesimama anaangalia. Beseni la mwisho likijaa ndipo mvuvi anataka ukamilishe nao mara moja, kwani wapo wengine wanamwita. Na menyu yangu ilikuwa inaanza kuuliza kila kitu kuanzia hapo! Sekunde 44 zote zilikuwa zinamwangukia mvuvi aliyesimama na maji magotini.

Nikaigawa. Mtumbwi na bei vinaingizwa wakati wa kumimina, na menyu inahifadhi "manunuzi yaliyo wazi". Muunganisho ukikatika, kama kawaida yake menyu ikikaa bila kujibiwa, hakuna kinachopotea. Beseni la mwisho likijaa, mama anapiga tena namba ileile na menyu inafungukia hapohapo: mabeseni mangapi, umelipa au deni, thibitisha. Skrini tatu, sekunde 23 hivi. Angalia kwamba jumla ya kazi iliongezeka, maana sasa anapiga namba mara mbili. Muda wa kusubiriwa ndio uliopungua. Wiki ileile niliona simu zikitolewa kwenye pindo la kanga mvuvi akiwa bado anamimina.

Kwa hiyo usiishie kujumlisha. Chora mistari, uulize kila mbonyezo: huu ukifanyika, nani amesimama anausubiri?

Makorongo mawili

Mlango wa pili ni wa kueleweka. Mtafiti Donald Norman mwaka 1986 alieleza kwamba kati ya mtu na mashine kuna makorongo mawili. La kwanza ni la kutenda: najua ninachotaka, ila sijui nikifanyeje hapa. La pili ni la kutathmini: nimefanya, ila sijui kimetokea nini. Nikikaa na menyu mpya nasoma kila skrini mara mbili, mara moja kwa kila korongo, na narudia hivyo hata kama nimechoka, kwa sababu makosa ya maneno ndiyo yanayoumiza zaidi.

Mfano wa korongo la kutenda ni neno moja. Skrini yangu ilisema "Ingiza kiasi". Kwangu mimi niliyeiandika, kiasi ni fedha. Mama mmoja akaingiza 12, kwa maana ya mabeseni kumi na mawili, na menyu ikamwandikia kwamba amenunua mzigo kwa shilingi kumi na mbili. Kiswahili chetu kina neno zuri pana, na upana huo ndani ya skrini ni shimo. Tangu siku hiyo siandiki "kiasi" popote. Naandika "Beseni moja shilingi ngapi?" na "Mabeseni mangapi?" Tafuta katika menyu yako maneno ya namna hii: kiasi, taarifa, huduma, rekodi, ombi. Yanasikika kiofisi, na kila moja lina maana nne.

Korongo la pili nilifunuliwa na mwenyekiti wa kikundi, mama wa makamo anayesema polepole. Mwisho wa kila kazi menyu ilitoa "Ombi lako limepokelewa". Akaniuliza, "Mwanangu, limepokelewa na nani?" Sikuwa na jibu. Yeye alikuwa anataka kujua deni limeandikwa au halijaandikwa, na ni shilingi ngapi. Akaniambia nitazame huduma za kutuma pesa: kabla hujathibitisha unaona jina la mtu unayemtumia, na baada ya hapo unaambiwa zimekwenda kiasi gani na salio limebaki kiasi gani. Sasa skrini ya mwisho inasema: "Imeandikwa. Mabeseni 6. Deni lako kwa mtumbwi huu: 270,000." Mashine inasema hali ilivyo, kwa namba, na kwa jina la kitu chenyewe.

Jaribio lake ni rahisi. Msomee skrini kwa sauti mtu asiyewahi kuiona, kisha muulize swali moja tu: "Sasa hivi unadhani kimetokea nini?" Usimsaidie. Andika jibu lake neno kwa neno.

Hapa niseme jambo kuhusu namba saba, kwani nimeona menyu nyingi zikikatwa kwa jina lake. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kuhusu vitu saba, viwili zaidi au viwili pungufu, na watu wakaigeuza sheria kwamba menyu isizidi machaguo saba. Miller alizungumzia vitu ambavyo mtu anavishika kichwani kwa muda mfupi. Orodha iliyo mbele ya macho haishikwi kichwani, inasomwa. Kwenye menyu ya nyota na reli kikomo kinachokubana ni herufi 182 kwa skrini, na maneno yetu ni marefu, hivyo utaishiwa nafasi kabla hujafika saba. Kazi ya Miller inakuhusu pale unapomfanya mtu abebe kitu kutoka skrini moja kwenda nyingine. Sisi tulikuwa na namba ya risiti ya tarakimu tisa iliyokuja kwa ujumbe, na mama alitakiwa aikariri ili aiingize kwenye menyu. Hiyo tuliifupisha ikawa tarakimu nne.

Na kwa wanaosanifu kwa ajili ya simu janja, mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba kulenga kitu kunachukua muda mrefu zaidi kikiwa mbali na kikiwa kidogo. Katibu wetu ana simu janja ya kutolea ripoti. Kitufe cha Hifadhi nilikipanua nikakishusha karibu na kidole gumba, Futa nikakipeleka mbali. Fitts hakuwa na habari za vidole vyenye magamba ya samaki, hivyo nilikipanua zaidi ya hesabu.

Kumbukumbu inakaa wapi?

Mlango wa tatu ndio niliouchelewa, na ndio ninaoupenda.

Kina mama hawa wana desturi ya vijiti. Kila beseni likijazwa, mtu mmoja anatupa kijiti ndani ya kopo. Mwishoni vijiti vinamwagwa mchangani na kuhesabiwa. Mimi niliona hiyo ni kazi ya simu: nikaweka mbonyezo wa kuongeza moja kila beseni linapojaa. Kwa hesabu ya sekunde ilikuwa nafuu. Kwa makorongo ya Norman ilikuwa wazi kabisa. Na asubuhi ya kwanza yakatokea mabishano mawili, mvuvi akisema tisa na simu ikisema nane, katika kikundi ambacho sikuwahi kuona kikibishana juu ya idadi.

Mtafiti Edwin Hutchins alichapisha mwaka 1995 utafiti wake juu ya mabaharia wa meli ya jeshi la majini la Marekani wanavyojua meli iko wapi. Alionyesha kwamba ujuzi huo hauko kichwani mwa baharia yeyote mmoja. Umetandazwa: kipande kiko kwenye ramani, kipande kwenye vyombo vya kupimia, kipande kwenye maneno wanayopeana, na hesabu inafanyika kwa kupita kutoka chombo hiki hadi mtu yule. Ukitaka kuielewa kazi, fuata taarifa inavyosafiri, uangalie kila kituo inachopita na nani anaiona ikipita.

Fuata basi kijiti. Kinatupwa na mtoto au shangazi, mtu wa tatu asiye mnunuzi wala muuzaji. Kinapogonga kopo kinalia, na mvuvi anakisikia hata akiwa ameinama. Mwishoni vijiti vimelala mchangani mbele ya macho yote. Kopo lile lilikuwa shahidi. Mimi niliitoa hesabu mahali ambapo watu watano wanaiona na kuisikia, nikaifungia kwenye kioo cha inchi mbili kilichogeukia uso wa mtu mmoja. Hakuna kosa la kitufe pale. Kosa lilikuwa kufikiri kwamba kumbukumbu ni namba, na kwamba namba ni ileile popote ilipo.

Nikaurudisha utaratibu wa vijiti. Simu sasa inaingia baada ya vijiti kuhesabiwa kwa sauti na pande zote mbili kukubali, inachukua jumla tu, na ujumbe mfupi wenye maneno yaleyale unakwenda kwa mama na kwa mvuvi kwa wakati mmoja, ili nao uonekane na wote wawili.

Ukitaka kufanya hivi kwenye kazi yako, chagua taarifa moja, moja tu, ukae siku nzima ukiifuata. Andika kila mahali ilipotua: kwenye daftari, ukutani kwa chaki, mdomoni mwa mtu, kwenye fundo la kanga. Pembeni ya kila kituo andika nani anaweza kuiona na nani anaweza kuikanusha. Kisha weka kidole kwenye kituo unachotaka kukiondoa, ujiulize nani atapofuka. Kazi hii inachosha na haina njia ya mkato, na kwa maoni yangu ndiyo inayotofautisha msanifu na mtu anayepanga vitufe.

Kuna jambo moja la kuongeza kwenye mlango huu. Lucy Suchman, aliyewatazama watu wakihangaika na mashine ya kunakili karatasi katika kituo cha utafiti cha Xerox, aliandika mwaka 1987 kwamba mpango ni nyenzo ambayo mtu anaitumia akiwa ndani ya hali, na hali haifuati mpango. Mwaloni hilo linaonekana kila siku. Mtumbwi umeleta migebuka nusu na dagaa nusu. Deni limelipwa kwa mafuta ya injini. Bei imebadilika katikati ya kumimina kwa kuwa dagaa wa chini ni wadogo. Menyu inayodai kila kisanduku kijazwe inamlazimisha mama adanganye ili apite. Ndiyo maana manunuzi yetu yanaweza kubaki wazi hadi jioni, na mwisho wa menyu kuna "Kuna jambo jingine", ambalo linamwambia katibu ampigie. Kila Ijumaa tunakaa naye, tunasoma yaliyoingia humo. Yanayojirudia ndiyo yanayopewa skrini.

Juzi nimeandika utabiri mwingine kwenye daftari langu. Ule ujumbe unaokwenda kwa mvuvi, natabiri kwamba hausomwi ufukweni, kwa sababu mikono yake iko kwenye nyavu. Atausoma akiamka mchana. Ikiwa ni kweli, malalamiko ya hesabu yatakuwa yanaingia baada ya saa saba, wakati dagaa wameshachanganywa kwenye chanja na hakuna tena cha kuhesabu, na nitalazimika kutafuta namna ya kuufanya ujumbe ule usikike asubuhi, kama kijiti kinavyolia kwenye kopo. Sasa ni mbalamwezi, mitumbwi imepumzika. Giza likirudi nitashuka Kibirizi na karatasi yenye mistari minne.